Mshauri Anapomwandika Mfalme: Tusomeje?

Wiki iliyopita, katika kijiwe cha kahawa karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, kijana mmoja aliwasomea wazee kutoka kwenye simu yake maelezo juu ya Mangi Rindi, mtawala wa Kichagga wa Old Moshi, yule ambaye wafanyabiashara wa pwani walimwita Mandara. Maelezo hayo yalitokana na kitabu cha Mwingereza aliyefika kwa mangi huyo mwaka 1884. Humo Rindi anaonekana mtu mwerevu, mwenye mvuto, na asiyeshiba zawadi za wageni. Kijana akahitimisha: "Kumbe alikuwa tapeli, na imeandikwa." Mzee mmoja, kikombe bado mkononi, akamjibu: "Hayo ni ya wakoloni, mwanangu. Unayasadiki?" Ubishi ukaendelea hadi kashata zikaisha, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikaona kwamba mmoja alikuwa anayameza maandishi mazima na mwingine anayatema mazima, ilhali maandishi ya namna ile yanahitaji kutafunwa.

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi ule ilitokana na majina. Kuna utenzi wa sifa, ambao kazi yake ni kumpamba mtawala, na hakuna msikilizaji anayetarajia utaje madeni yake. Kuna wasifu, unaomfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Kuna historia, ambayo mwandishi wake, kama anaiheshimu kazi yake, huwaita mashahidi wengi na kuwapambanisha. Ninayoizungumzia hapa ni ya nne, nami nitaiita taswira ya mtawala. Humo mtu mmoja aliyemjua mfalme ana kwa ana anaeleza mfalme huyo alikuwa mtu wa namna gani, na jinsi tabia yake ilivyogeuka kuwa kodi, vita, mikataba na hofu katika maisha ya watu wa kawaida. Na mwandishi ninayemlenga ni mtu wa dola, yaani yule aliyeibeba kazi ya kutawala kwa mikono yake mwenyewe, awe waziri, balozi, mshauri au gavana.

Kila aliyehudhuria mazishi huku kwetu anaijua tofauti hii hata kama hajawahi kuipa jina. Wasifu wa marehemu unaposomwa mbele ya jeneza, waombolezaji husikia shule alizosoma, kazi alizofanya na watoto aliowaacha, na wote hujua yapo yaliyorukwa. Jioni, wachache waliobaki karibu na pipa la mbege husimulia marehemu mwingine kabisa. Lakini yupo mtu wa tatu ambaye kwa kawaida hasemi kitu: yule aliyesimamia duka la marehemu kwa miaka kumi na moja. Anajua funguo zilikaa wapi, anajua nani alikopeshwa na nani alifukuzwa, na yeye mwenyewe ana mshahara ambao hajalipwa, au pengine mali ambayo hajairudisha. Taswira iliyoandikwa na mtu wa dola ni maelezo ya mtu huyo wa tatu, siku atakapoamua kufungua mdomo.

Mfano bora ninaoufahamu unatoka mbali na mlima wetu, katika Ufaransa ya karne ya 15. Philippe de Commynes alizaliwa Flanders mnamo mwaka 1447, akaanza utumishi akiwa kijana kwa Charles, mtawala wa Burgundy, ambaye kwa jina alikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa lakini kwa mali na majeshi alikuwa mshindani wake. Mfalme mwenyewe alikuwa Louis wa 11. Oktoba 1468 Louis alikwenda katika mji wa Péronne kuzungumza na Charles, akiwa na walinzi wachache na hati ya kumhakikishia usalama, huku akiwa amesahau, au amejifanya kusahau, kwamba mawakala wake walikuwa wakiwachochea watu wa mji wa Liège wamwasi Charles huyohuyo. Habari za uasi zilipofika, Charles aliamuru milango ifungwe, na mfalme akajikuta mfungwa wa mwenyeji wake. Commynes alikuwa akilala katika chumba cha Charles. Anasimulia kwamba usiku wa tatu bwana wake hakuvua nguo, alijilaza kidogo, akainuka, akatembea chumbani huku na huku, na yeye Commynes akatembea naye. Hatimaye mapatano yalipatikana, na mfalme, ambaye alikuwa amepenyezewa habari juu ya masharti asiyopaswa kuyakataa, alitoka salama. Hakumsahau aliyemsaidia.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 1472, Commynes alimtoroka Charles akahamia kwa Louis. Alipewa cheo, posho na ardhi, ikiwemo milki ya Talmont, ambayo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa ukoo wa La Trémoille. Msomaji wa Uchaggani hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Mtu aliyepewa na mangi kihamba kilichopandwa migomba na babu wa watu wengine, kila atakaposimama kumsifu mangi, majirani watakuwa wanaitazama ile migomba.

Louis alifariki tarehe 30 Agosti 1483. Wenye ardhi yao waliidai wakarudishiwa, na Commynes, aliyejiingiza katika njama za wakubwa dhidi ya serikali mpya, alikamatwa mwaka 1487 akafungwa. Baada ya kutoka kifungoni ndipo alipoanza kuandika kumbukumbu zake, akiombwa na Angelo Cato, Askofu Mkuu wa Vienne, aliyekuwa pia tabibu na mnajimu, na ambaye alitaka kuzitumia kutunga kitabu kwa Kilatini. Zilichapishwa mwaka 1524, miaka kumi na mitatu baada ya mwandishi kufa. Nimeyataja haya kabla ya taswira yenyewe kwa makusudi, kwa sababu msomaji anayejua mwandishi alikuwa anakaa wapi, alikula kwa nani na alipoteza nini, huisoma kila sentensi kwa macho mawili.

Sasa tumtazame mfalme anavyochorwa. Commynes anasema kwamba, kati ya watawala wote aliowajua, Louis ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kujinasua kutoka mahali pabaya, mnyenyekevu kuliko wote kwa maneno na mavazi, na mvumilivu kuliko wote katika kumvuta upande wake mtu aliyeweza kumfaa au kumdhuru. Akikataliwa mara ya kwanza hakununa. Aliendelea kuahidi, na kutoa kweli, fedha na vyeo ambavyo alijua mtu yule anavitamani. Wale aliowafukuza wakati wa amani aliwarudisha kwa gharama kubwa alipowahitaji, bila kinyongo. Aliwapenda watu wa daraja la kati na kuwashuku wakubwa ambao wangeweza kuishi bila yeye. Aliuliza habari za kila mtu na kusikiliza kuliko mfalme yeyote, na kwa hiyo aliwajua watu wenye mamlaka katika nchi za jirani kama alivyowajua wa kwake.

Hadi hapo mtu angedhani anasoma sifa tupu. Lakini katika mkondo uleule mshauri anaongeza kwamba mfalme huyo hakuwa na breki mdomoni, kwamba alipokuwa salama aliwaudhi watu kwa mambo madogo yasiyomletea faida, na kwamba amani ilimchosha. Mfalme mwenyewe, anasema Commynes, alikiri kuwa ulimi wake ulikuwa umemletea hasara kubwa, ingawa wakati mwingine ulimpa raha, na kwamba ilimpasa kuwalipa aliowaumiza. Kuhusu mavazi yale ya kinyenyekevu anatuonyesha upande wa pili: Louis alipokutana na mfalme wa Castile mwaka 1463 alivaa nguo fupi zilizoshonwa vibaya na kofia kuukuu yenye kijisanamu cha risasi, na wenyeji wakamcheka kwamba ni bahili.

Hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Wakiona sifa na lawama zimekaa pamoja wanadhani mwandishi amejichanganya, au anaogopa kusema wazi. Kwangu mimi ni kinyume chake. Mtu anayemwandika mtawala kama malaika au kama shetani kwa kawaida hajakaa naye mezani. Aliyekaa naye anajua kwamba werevu na ulimi mkali vilitoka chungu kimoja, kwamba yuleyule aliyemsamehe msaliti asubuhi aliweza jioni kumtukana mtumishi mwaminifu kwa kujifurahisha tu.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la tarehe 29 Agosti 1475, kule Picquigny. Edward wa 4 wa Uingereza alikuwa ameingia Ufaransa na jeshi kubwa, na Louis, badala ya kupigana, alikubali kumlipa sarafu za dhahabu 75,000 papo hapo na 50,000 kila mwaka ili aondoke. Wafalme hao wawili walikutana juu ya daraja la mto Somme, wakitenganishwa na kizuizi cha mbao chenye matundu ya kupitisha mkono tu, ambacho Commynes anakifananisha na kizimba cha simba. Na anaongeza kwa kupita kwamba siku ile mfalme alikuwa ametaka yeye, Commynes, avae nguo sawasawa na zake. Hasemi kwa nini, lakini msomaji anaelewa upesi: kama kungetokea mwenye nia mbaya kwa upande wa pili, basi angelazimika kubahatisha yupi ni mfalme. Baada ya maongezi Louis alimtania Edward aje Paris kustarehe na mabibi wa huko, kisha, akiwa njiani kurudi, akaanza kuhofia kwamba mgeni ameupokea utani ule kama mwaliko. Mfalme yule ni mzuri wa sura na anapenda wanawake, alimwambia Commynes. Akimpata wa kumvutia Paris, huenda akataka kurudi, na mababu zake walishakaa Paris na Normandy zaidi ya inavyostahili.

Tazama tukio hilo linavyotufundisha bila kuhubiri. Tunaona ujanja wa mfalme, hofu yake, ucheshi wake na majuto yake ya haraka, yote katika siku moja. Ila tunaona pia mtu mwingine kwenye daraja, amevaa nguo zilezile. Kila taswira ya mtawala iliyoandikwa na mtu wake wa karibu ina watu wawili ndani yake, na wa pili mara nyingi amesimama mahali ambapo jicho la msomaji halimtafuti.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni mwandishi amenyamaza wapi. Commynes, ambaye anaweza kutumia kurasa kadhaa kueleza mazungumzo ya siku moja, juu ya usiku alipomtoroka bwana wake wa kwanza anatueleza kwa neno moja tu kwamba wakati huo alikuja katika utumishi wa mfalme. Hakuna sababu, hakuna kujitetea. Halafu, kwa kurasa nyingi sana, anatueleza jinsi Charles wa Burgundy alivyokuwa na kiburi, asiyeshaurika, aliyejiangamiza kwa vita. Yawezekana yote ni kweli, na Charles kweli alikufa vitani Nancy mwaka 1477, lakini kila kosa la Charles ni pia hoja ya kimyakimya kwamba Commynes alifanya vema kuondoka. Mtu anayeachana na mwajiri wake kwa siri ana haja kubwa ya mwajiri huyo kuonekana hafai.

Swali la pili ni mwandishi anasema nini ambacho kinamgharimu. Commynes alifaidika na Louis, hata hivyo anaandika kwamba Charles wa 7, baba wa Louis, alipofariki alikuwa akitoza faranga 1,800,000 kwa mwaka, na Louis alipofariki alikuwa akitoza 4,700,000, na kwamba ilikuwa huruma kuona umaskini wa wananchi. Shahidi anayetaja jambo linalomchafua aliyemlisha, jambo hilo tunaliwekea alama ya uzito. Vilevile tunaweza kumweka mbele ya shahidi wa upande wa pili, Thomas Basin, askofu wa Lisieux, aliyemwandika Louis kwa uchungu mkubwa kutoka uhamishoni. Pale ambapo mshauri aliyenufaika na askofu aliyefukuzwa wanasema jambo moja, kama hilo la uzito wa kodi, hatuna sababu kubwa ya kusitasita.

Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni ya kifo cha mfalme. Louis alijifungia katika kasri la Plessis karibu na Tours, akalizungushia uzio wa vyuma vizito, akaweka miiba ya chuma ukutani na wapiga mishale wa kulinda usiku na mchana. Hakuwaamini hata jamaa zake. Yeye ambaye alikuwa akivaa vibaya sasa alivaa mavazi ya thamani, akawafukuza watu na kupunguza posho zao ili isemwe nchini kote kwamba mfalme bado yupo. Tabibu wake Jacques Coitier alimtoza sarafu za dhahabu 10,000 kwa mwezi na kumfokea kama mtumwa, akimwambia kwamba anajua siku moja atafukuzwa kama wengine, lakini siku hiyo ikifika mfalme hatamaliza siku nane. Na mfalme aliyewatetemesha wote alimwogopa tabibu huyo.

Kisha Commynes anakumbuka vizimba. Louis alikuwa ameagiza vizimba vya chuma, na vingine vya mbao vilivyofunikwa bamba za chuma, upana wa futi nane hivi na urefu unaomzidi mtu kwa futi moja. Askofu wa Verdun, aliyevibuni, ndiye aliyewekwa wa kwanza ndani, akakaa miaka kumi na minne. "Wengi wamemlaani kwa ubunifu huo," anasema Commynes, "na mimi pia, niliyevionja kwa miezi minane chini ya mfalme wa sasa." Baada ya hapo anauliza kama kuna mfungwa aliyewahi kuwekwa mahali pembamba kuliko mfalme mwenyewe ndani ya uzio wake. Ukisoma kifungu hicho bila kujua habari za mwaka 1487, utaona ulinganisho mzuri wa kifasihi tu. Ukijua, utaona mtu anayelipima kasri kwa futi ambazo mgongo wake unazikumbuka.

Je, huku ni kumhukumu mfalme kuwa dhalimu? Wengi hudai hivyo, na wengine hudai kwamba kwa kuwa Commynes hakumlaani basi aliuunga mkono ukatili wake. Mimi naona kwamba alikuwa anafanya jambo la tatu: alikuwa anawaandikia watawala na washauri watakaokuja, akiwaonyesha kazi ile inavyofanyika na inavyomla anayeifanya. Anaamini Louis aliteseka duniani kama malipo ya aliyowatesa wengine, lakini anaamini pia kwamba alikuwa mfalme bora kuliko wengi wa zama zake. Msomaji wa leo anaruhusiwa kukataa hesabu hiyo, ilimradi asijifanye haikuwepo.

Turudi sasa kwa Rindi na yule Mwingereza wa kwenye simu. Harry Johnston alikuja Kilimanjaro mwaka 1884 kukusanya mimea na wanyama, akajenga kambi kwenye ardhi ya Rindi, uhusiano wao ukaanza vizuri kisha ukaharibika, akaondoka. Julai mwaka uleule aliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza akipendekeza mlima huu uwe koloni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886, ambao ndio mwaka Uingereza na Ujerumani zilipopatana mpaka ulioiacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Baadaye akawa mtu wa dola kamili, akitawala nchi ambayo leo ni Malawi, na mwaka 1900 akitia saini mkataba wa Buganda. Tofauti na Commynes, hakuwa mshauri wa mtawala anayemwandika, alikuwa mgeni anayeipigia hesabu nchi yake. Hata hivyo yale maswali mawili yanamfaa vilevile. Anapotueleza tamaa ya mangi, nasi tukiikumbuka barua yake ya Julai, tunajua tamaa haikuwa upande mmoja. Na anapoukiri werevu wa mtu aliyegombana naye, hapo tunaweka alama ya uzito.

Kuna neno moja lililomponza yule kijana kuliko Johnston mwenyewe, nalo ni hongo, kwa sababu ndilo alilolitumia kuwatafsiria wazee. Leo hongo ni rushwa, jambo la aibu na la mahakamani. Katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru wa njia, ambao kila msafara ulimlipa mwenye nchi ili upite, upate chakula na ulindwe. Kumwita Rindi mla hongo kwa maana ya sasa ni sawa na kumwita tapeli mkusanya ushuru wa stendi kwa sababu anadai kila basi linaloingia. Tusimtakase pia: Charles New, mmisionari aliyefika kwenye theluji ya mlima mwaka 1871, aliporudi Moshi alinyang'anywa mali zake na Rindi akafia njiani akirejea pwani. Hilo lilikuwa zaidi ya ushuru kwa kipimo chochote, na lilimtangulia Rindi katika vitabu vya wageni wote waliofuata.

Wala tusidhani kwamba aina hii ya maandishi ni ya Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Usambara wana habari za watawala wao wa ukoo wa Kikilindi zilizoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kuwa mtumishi wa Sultani wa Zanzibar na baadaye liwali wa Tanga chini ya Wajerumani, mtu aliyewajua baadhi ya watawala hao ana kwa ana. Naye pia ana mabwana zake, ana kimya chake, na ana mambo aliyoyaona ambayo hakuna mwingine angeweza kutuambia.

Nilipoyaeleza haya kijiweni, kwa ufupi kuliko hapa, kijana alinyamaza kidogo akaifungua tena simu yake. Mzee akaniuliza kama basi hata lile la Rindi kuwa na jicho moja lilikuwa maneno ya wakoloni. Nikamjibu kwamba la jicho limeandikwa na waliomsifu na waliomlaumu vilevile.

"Basi hilo tuliache," akasema, akasogeza kikombe chake kijazwe.